Yule wa Kupiga Kelele

Niliomba subira kwa kuitaja jina,
si moyo mpana, si wema wa jumla:
subira, Bwana, na nikataja hadi kipimo
kama mtu anunuaye sukari dukani Gyumri.
Nikawasha mshumaa, nikausimika mchangani,
nikarudi nyumbani nikitazamia kifurushi.

Nilichopewa ni mama mkwe.

Satenik. Miaka themanini na minne.
Alishuka kwenye gari la Zaruhi na mto mmoja,
sindano nne za kufumia, na swali:
"Vahan karudi?"

Vahan ni mwanawe. Alikuwa mume wangu.
Alianguka kutoka jukwaa la ujenzi huko Rostov
mwaka ambao miaprikoti ilizaa mpaka matawi yakavunjika,
nasi hatukuwa na mikono ya kuchuma.

Mara ya kwanza nilimwambia ukweli, akalia.
Mara ya pili nilimwambia ukweli, akalia upya,
maana kwake kila habari ni ya leo.
Kufikia mara ya arobaini nilikuwa nimemsimamia
na mwiko mkononi, napaza sauti:
"Kafa! Mama, kafa! Nimekwambia asubuhi!"
Zaruhi alinisikia ng'ambo ya ukuta.
Satenik alishusha macho kwenye soksi,
soksi ya mguu wa mtoto wa miaka sita,
akafuma.

Ter Mesrop hakunipa aya niliyoitegemea.
Nilidhani atasema dhiki huleta saburi,
na jibu lake nilikuwa nalo mfukoni.
Aliniuliza tu, akipangusa miwani,
"Na wewe, jioni, unamwuliza Mungu nini?"
Nikasema: Kwa nini Vahan.
"Tangu lini?"
Miaka kumi na mmoja.
Akavaa miwani. Akaenda kuwafungia kuku wake.

Nilirudi polepole, barafu ilikuwa mbaya.
Miaka kumi na mmoja, swali lile lile, kila jioni,
na haijapita hata jioni moja
ambayo Mungu alinisimamia na mwiko
akaniambia: Nimekwambia asubuhi.

Basi nikaanza. Sikuanza vizuri.
Nilikusudia kuhesabu mpaka kumi, nikaishia sita.
Nilitoka nje kupasua kuni
ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.
Kuna siku nilijibu, "Bado, mama," nikajiona mwongo.
Kuna siku nikajibu, "Tutamwona,"
nikajisikia nikisema, na haukuwa uongo;
ilikuwa ile imani niliyoikariri tangu utotoni
bila kuwahi kuitumia jikoni.
"Tutamwona, mama. Lete mguu nikuvishe."

Husemwa subira huvuta heri.
Yangu ilivuta kwa kamba mbovu,
ikakatika, nikafunga fundo,
ikakatika karibu na fundo.

Mkesha wa Krismasi, ambayo kwetu ni Januari sita,
nilikuwa namlisha wali wenye zabibu kavu.
Akanishika mkono wa kijiko.
"Binti," akasema, kwa sauti ya siri,
"yule mwanamke wa kupiga kelele
siku hizi haji?"

Nilitafuta la kusema. Kijiko kilitetemeka.
"Huja mara moja moja."
"Akija mpe chai," akasema Satenik.
"Amefiwa yule."

Asubuhi maziwa yaliumuka yakamwagikia moto,
nami, kabla sijakumbuka mimi ni nani siku hizi,
nikapiga ukelele uliotikisa vikombe.
Satenik akainua kichwa kutoka kwenye soksi,
akanitazama, akafurahi kama mwenye mgeni.
"Huyo, kafika," akasema,
na chai yake mwenyewe, iliyokuwa bado na moshi,
akaisukuma mezani, taratibu isimwagike,
mpaka ikanifikia.