Tiketi ya Zafarani

Funguo ninazo mie:
wa geti, wa jumba, wa hamamu,
na wa nne usiofungua kitu.
Niliukuta kwenye pete, nikauacha na wenziwe.

Bumbwini, saa mbili asubuhi, nafagia
maua ya mlangilangi kwenye njia ya mawe.
Wageni husema bustani hii ina utulivu.
Utulivu ni kazi. Naufagia kila siku,
Jumapili mara mbili.

Saa tatu huja gari la kwanza.
Elfu tano mgeni, elfu moja mwenyeji,
watoto wa skuli bure wakija na sare.
Nawaonesha kitanda cha besera,
kioo kilichoota ukungu,
mrashi wa fedha uliosahau marashi,
mtungi ndani ya kabati la vioo.
Kisha hamamu: kuba tatu, matundu ya mwanga darini,
birika la chokaa lililochongwa mfano wa jani.
Ubaoni pameandikwa:
HAPA BIBI MKUBWA ALIKUWA AKIOGA.
Nukta.

Utadhani maji yalikuja yenyewe,
yakabisha hodi,
yakavua viatu mlangoni.

Bibi yangu mzaa mama, Mboja binti Sururu,
alinihesabia kwa vidole vilivyopinda:
kutoka kisimani hadi birikani
ni hatua mia mbili na kumi na mbili
ukiwa na mtungi kichwani.
Ukirudi mtupu, mia moja na tisini,
maana mtu mtupu hutanua mguu.
Hesabu hiyo alipewa na mamake,
na mamake alipewa na wake,
aliyeitwa Zafarani.
Walipewa majina ya vitu vya kunukia:
Zafarani, Yasmini, Ambari.
Jina la kwao lilibaki bara,
hakuna wa kulibeba,
mikono ilikuwa imejaa.

Maji ukiyavulia nguo, yaoge, wanasema.
Na aliyeyateka, akajitwika,
akayatia moto, akayapoza kwa kiganja
mpaka yakawa ya kadiri,
asiyavulie hata ushungi?

Mwezi uliopita alikuja Bwana Haroub wa Idara
na mabango mapya, herufi za dhahabu.
Nikamwambia, ongeza mstari mmoja.
Akasema, Bi Shinuna, waraka tunao?
Nikampeleka nyuma ya msitiri wa mikarafuu,
nikamwonesha njia ambayo ukoka haushiki,
ardhi iliyoshindiliwa kwa nyayo
mpaka mvua ya masika inaiogopa.
Aliipiga picha. Alitikisa kichwa.
Tusubiri waraka, akasema.

Sikusubiri.
Jumatatu tunafunga. Nikashuka kisimani
na ndoo ya plastiki, ya kijani, ya kudekia,
kwani mtungi umo kabatini
na ufunguo wa nne nilikwisha ujaribu.
Moja. Mbili. Maji yananipenya shingoni.
Sabini. Nikamkumbuka Mboja na magoti yake.
Mia na hamsini. Nikaacha kukumbuka mtu.
Nilifika kwa mia mbili na tatu:
miguu yangu imekula wali.

Nikamimina. Birika lina ufa;
kabla ya adhuhuri maji yalikwenda zao.
Mjusi alikunywa. Nyuki wawili.
Ndoo moja, na shingo iliniuma siku tatu.
Birika hilo hujaa kwa ndoo arubaini.

Jumanne, kabla ya gari la kwanza,
nilikata tiketi ya mwenyeji,
nikaandika nyuma kwa kalamu ya wino,
nikaibana kwa kokoto ukingoni mwa birika.

Jioni mhasibu akahesabu vishina,
akahesabu pesa, akarudia.
"Elfu moja imepungua.
Mwenyeji gani huyu aliyeingia bila kulipa?"

"Alilipa," nikamwambia, huku nafunga hamamu.
"Chenji yake ndiyo bado."