Msumeno wa Eluned

Misumeno mitatu juu ya meza.
Huu wa petroli, mama, unakata gogo kama boga.
Eluned anaunyanyua:
mkono unatetemeka kabla ya injini.
"Nipe ule wa betri. Ule mdogo."

"Miti ina urefu gani?"
Imepita paa. Imemeza dirisha la jikoni;
saa sita mchana anawasha taa
atofautishe chumvi na sukari.

Hasemi kwamba Emrys aliipanda ikimfika magotini,
ua tu, wa kuzuia upepo wa Ceredigion,
akaahidi kuupunguza kila Septemba.
Zimepita Septemba kumi na moja.

"Itaangukia wapi?"

Hapo ndipo anaurudisha msumeno.
Anatoka na namba ya fundi wa miti,
na glavu za Emrys alizokuja nazo,
zinampwaya,
hajazivua.