Mama, Nimekukuta Majini

Leo nimekukuta majini, mama.
Si uso wako, si sauti;
ni mstari mmoja kwenye karatasi ya maabara
iliyorudi toka Dar baada ya wiki tatu:
kabamazepini, nanogramu mia tatu kwa lita.

Nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Fundi Magesa akauliza, "Kuna msiba?"
"Hapana. Kuna dawa ya kifafa."

Wewe ulinifundisha kidonge kikishamezwa kimekwisha.
Asubuhi kimoja, jioni kimoja,
na uji wa ulezi wa kukisindikiza,
miaka kumi na tisa bila kuangukia mafiga.
Hukuniambia, wala hukujua,
kwamba masalio yake hutoka nawe chooni pale Mabatini,
hushuka na bomba la mtaa,
hupita chini ya soko, chini ya reli,
hadi kwenye mabwawa haya ya Butuja
ambako korongo husimama kwa mguu mmoja
kama karani anayesubiri saini.

Bakteria wetu ni walafi:
mafuta ya sangara, sabuni, ugali wa jana, vyote wanafyeka.
Kidonge chako hawakigusi.
Wanakizunguka kama wageni wanavyozunguka
sahani wasiyoijua jina.

Ni kiasi gani hicho? Magesa anataka mfano.
Bana chumvi kwa vidole viwili, namwambia,
itupe kwenye bwawa lile dogo, koroga mpaka kesho,
kisha muulize kambare kama mchuzi umekolea.
Anacheka. "Basi si kitu."
Si kitu, ndiyo.
Ila kambare haji humo kuoga akaondoka.
Anazaliwa humo.

Na siwezi kuapa kwamba ni chako.
Kwenye karatasi ileile wamo jirani zako:
dawa ya mgongo ya wapakiaji wa Mwaloni,
vidonge vya uzazi wa mpango
ambavyo mke fulani huvificha kwenye debe la mchele,
dawa ya kisonono ya mtu asiyemwambia mtu.
Jiji zima limeungama humu
na halijui kwamba limesikilizwa.

Nawasha pampu.
Utando wetu hauna sura ya maana:
karatasi nyembamba iliyoviringishwa
kama mkeka wa mgeni aliyekwishaondoka,
ndani ya bomba jeupe, nene kama paja langu.
Magesa huuita chujio la chai lenye shahada.
Hubandika sikio kabla ya kutazama geji.
"Leo unakohoa," husema,
nasi tunausuuza kwa asidi ya ndimu, tunasubiri,
umeme unakatika, unarudi, tunasuuza tena.
Watu husema maji yakimwagika hayazoleki.
Mimi nalipwa mshahara kuyazoa.

Karatasi ya pili ikaja: *haikuonekana.*
Angalia, mama, hawakuandika *haipo*.

Kwa sababu kinachozuiwa hakifi.
Kwa kila ndoo nne zilizopita
inabaki moja, nzito kwa yote tuliyoyakataa.
Tunaimimina kwenye pipa la buluu nyuma ya stoo,
kifuniko kimekazwa kwa mpira wa baiskeli.
Nimeandika kwa kalamu nene: USIFUNGUE.
Mapipa sasa ni saba.
Barua kwa meneja ni tatu.
Jibu ni moja: suala linafanyiwa kazi.

Jioni nakupigia.
"Umemeza?"
"Nimemeza."
"Na uji?"
"Na uji. Kwani vipi, mbona unanihoji kama polisi?"

Nilitaka nikueleze habari za pipa,
za mstari ule, za kambare.
Nikasikia kijiko kikigonga bakuli lako, polepole,
mkono usiotetemeka.

Endelea kumeza, mama.
Huku mwisho wa bomba kuna mtu.