Karibu

Mimi ndiye niandikaye wanayoyasema.
Hukaa ubavuni mwa kiti cha mwenyekiti,
vidole juu ya vitufe, macho kwenye midomo,
katika ukumbi wa Baraza la Dola, Maskati,
ambako mlima umeinama nyuma ya jengo
kama mtu anayesoma barua juu ya bega la mwenziwe.

Mswada ulitoka kwa wenzetu wa Shura,
waliochaguliwa kwa kura, wilaya kwa wilaya,
ukatufikia bado una joto la makofi:
ruhusa ya kuchimba visima virefu,
mradi visiwe karibu na mfereji wa falaji.
Kurasa tisa. Walitaka upite kabla ya Ramadhani.

Bi Shinuna binti Muhanna akainua kalamu.
Alisomea miamba, akaistaafia;
husema polepole, kama anayetafuta ufunguo mkobani.
"Kifungu cha kumi na moja. Karibu.
Kiasi gani?"

Basi. Nikaandika.
Sikujua kuwa swali lile litatula wiki saba.

Mmoja alisema hatua mia. Hatua za nani, akaulizwa,
za ngamia au za mwenye kisukari?
Mhandisi akaletwa na ramani ya rangi tano.
Mheshimiwa Ghusn akasinzia,
akaamka na swali zuri kuliko yetu sote:
"Na kisima kilichokwisha kuchimbwa je?"

Kila jioni Mama hupiga simu kutoka Birkat al-Mauz.
Alizaliwa Wete, akaletwa huku na miaka kumi;
husema Kiarabu na majirani, Kiswahili na mindimu yake.
"Mswada wenu umefika wapi?"
Mama, tunajadili neno karibu.
Alicheka mpaka akakohoa.
"Karibu ni neno la mkeka na kahawa.
Likishapimwa kwa futi si karibu tena, ni kesi."

Waliochonga falaji ile waliijua siri ya mteremko:
ukizidi, maji hula ukuta wake mwenyewe;
ukipungua, hulala, yakaota ukijani.
Nadhani ukumbi wetu ndio mteremko huo.
Siku nyingine nadhani ni dimbwi.

Kwenye kikao cha pamoja kijana wa Shura alisimama:
"Sisi tulipigiwa kura. Ninyi je?"
Nikaandika, ndani ya mabano: kimya.
Kisha Bi Shinuna: "Mimi sikupigiwa na mtu.
Ndiyo maana sina wa kumfurahisha.
Na ndiyo maana, mwanangu, usiniamini sana."
Hakuna aliyepiga makofi. Sauti ya kiyoyozi
haina herufi zake.

Wiki ya tano jirani yetu Hudaid alileta mtambo.
Sheria ya zamani haikumkataza, mpya haijazaliwa.
Lori halikuweza kupita kwake,
akabisha hodi kwa Mama.
Mama akafungua geti.
Unajua alimwambia neno gani.

Zamu yake ya maji ni nusu saa, usiku.
Yalikuja membamba kama ukanda wa kandambili,
kisha kama uzi,
kisha Mama akasimama na tochi
akimulika kokoto.

Wiki ya saba neno lilifutwa,
mahali pake pakawekwa namba: mita elfu moja na mia tano.
Mikono ikainuliwa, mswada ukarudi Shura
na sahihisho moja, kwa wino wangu.
Sheria safi. Wajukuu wa watu watakunywa kwayo.

Nikampigia. Mama, neno limepona.
"Alhamdulillahi," akasema. "Mindimu mitatu haikupona."
Nilisikia anavuta kiti, anakaa.
"Utakuja lini?"
Karibuni, Mama.

"Kiasi gani?" akauliza.