Orodha Tupu

Kwanza nilijifunza kupiga hodi.
Bi Morag Geddes, chai mkononi, maziwa mengi,
chini ya jengo la halmashauri, Dundee,
ambako hakuna madirisha ila yale ya kwenye skrini,
alisema: hapa huingii kwanza ukaulizwa baadaye.
Unapiga hodi na haja yako mdomoni:
nimekuja kusoma; nimekuja kuandika;
nimekuja kufuta, mniwie radhi.
Mlinzi atatazama beji, atatazama orodha,
ataanza na waliokatazwa.
Katazo hutangulia, Tumu. Daima.
Asubuhi ile nilikuwa nimetoka Glasgow
kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya viza.
Sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Nilidhani kinacholindwa ni faili.
Akacheka. Faili, ndiyo, na folda yake,
lakini pia printa, pia huduma iamkayo usiku,
bomba linalopitisha maneno
kati ya programu mbili zisizojuana,
mchakato, na kila uzi ndani ya mchakato,
na kufuli, kwani kufuli nalo lina kufuli,
na tukio, kitu kisicho na kazi
ila kusubiri kutokea.
Hata ufunguo wa rejista una mlango wake.
Hata beji uliyoivaa ina orodha
ya wanaoruhusiwa kuitazama.
Basi ni nini kisicholindwa?
Akapuliza chai. Kitufe. Menyu. Vile vya kuchorwa tu.

Kisha akanifundisha lile linalonitatiza hadi leo:
kitu kisicho na orodha kabisa
kiko wazi kwa kila apitaye,
kama printa ya ghorofa ya tatu
iliyotema, Ijumaa moja, kurasa mia nne za picha ya mbwa.
Lakini kitu chenye orodha, na orodha haina jina,
hakimfungukii mtu.
Kukosa karatasi, na kuwa na karatasi nyeupe:
usije ukavichanganya.
Ni mwenyewe tu awezaye kurudi na kalamu.

Machi alistaafu. Siku ile ile wakafuta akaunti,
ndivyo sera inavyosema.
Agosti akafa. Nilisikia kwa mtu wa mapokezi, kwenye lifti.

Sasa Novemba, ukungu wa mto Tay umepanda hadi maegesho,
nahamisha kila kitu kwenda seva mpya,
na kila alipogusa,
pale palipoandikwa jina lake, mmiliki,
pana herufi S, moja, tano, ishirini na moja,
kisha mkia wa tarakimu mrefu kuliko simu ya ng'ambo.
Jina limekwenda. Namba bado inamiliki.

Huduma yake huamka saa nane na dakika kumi usiku,
hupima joto la chumba cha ramani za zamani,
huandika namba moja, hulala.
Hakuna aliyewahi kuiomba.

Na folda moja: orodha ipo, tupu.
Nikapiga hodi. Ya pili. Ya tatu.
Kwetu, ya tatu isipoitikiwa, unarudi zako.
Lakini mimi ni msimamizi, nina kitufe cha kutwaa.
Je, unataka kuchukua umiliki?
Kidole kilikaa hapo mpaka chai ikafanya utando.

Ndiyo.
Nikaishika kalamu ya mwenyewe, nikaandika mstari mmoja:
Tumu, kusoma.
Kufuta sikujipa.

Sijaifungua bado.
Ni saa nane na dakika tisa.
Acha kwanza apime joto.