Kipindi cha Nne, Kidato cha Tatu B

Gazeti la jana nimelipata Kirumba,
mama wa dagaa alishaanza kulichana liwe kifungashio.
Nikamwambia, hilo nipe mimi, dagaa weka kwenye kitambaa.
Akacheka: Mwalimu, utasoma harufu?

Nitasoma harufu.

Jua limekwisha panda mawe ya Mabatini,
bati linalia juu yetu, tik, tik.
Wanafunzi sabini na wawili, Katiba moja,
jalada nimelishika kwa plasta ya hospitali,
na ule ukurasa wa haki umechomoka,
nauficha ndani ya daftari la mahudhurio
maana mwaka juzi ulipotea wiki mbili
tukafundishana kwa kukumbuka.

Nasoma: vibanda mia na arobaini vyavunjwa usiku.
Ofisa asema notisi ilitolewa.
Wenye vibanda wasema notisi waliikuta asubuhi,
imebandikwa kwenye mbao zilizokwisha lala chini.
Aya nne tu, na picha ya beseni.

Haya, nani ana swali kwa hili gazeti?

Siku nyingine huuliza kama litatoka kwenye mtihani.
Leo ameanza Bugingo, yule anayebishana hata na kengele:
kibanda ni mali, au mali ni kile kilichomo?
Naandika ubaoni. Chaki inakatika.
Eneo si la jiji, mwalimu?
Naandika.
Notisi ni karatasi, au ni siku?
Hili sikulitegemea. Nalipigia mstari.

Ndipo Nyanjige, asiyesema neno tangu Jumatatu,
akasimama, akajifuta mikono kwenye sketi.

Beseni hilo la mama.

Mikono yote iliyokuwa juu ikashuka.
Nilikuwa na mfano; sasa nina mtu.
Miaka kumi na mmoja ibara ile naijua kwa kichwa,
kumiliki, hifadhi, fidia inayostahili,
nikataka kuitamka, ikanikwama
kama mwiba wa furu.

Na dawati lilelile, kiwiko kwa kiwiko, yuko Mugeta.
Baba yake mgambo. Darasa zima linajua.
Hata mimi nilijua,
nikasahau wakati wa kugombania gazeti.

Baba aliamriwa, akasema, bila kusimama.
Alirudi alfajiri. Hakula.

Nyuma kule mtu akafyonza.
Nikapiga meza kwa kifutio, vumbi likapanda,
nikafungua daftari la mahudhurio,
nikautoa ukurasa, nikampa Nyanjige.
Ibara ya kumi na tatu. Soma polepole.

Akasoma kama anayevuka mtaro kwa ubao mwembamba.
Alipofika *kusikilizwa kwa ukamilifu*, akanyamaza.
Ukamilifu ni dakika ngapi, mwalimu?

Sijui, nikasema.
Ni jibu ambalo mkaguzi asingelipenda.

Kengele. Kazi ya nyumbani:
barua kwa mtendaji wa kata, ukurasa mmoja,
ianze na swali, isianze na tusi.
Wakatoka. Wale wawili wakachelewa kutoka,
mmoja ameshika ukurasa, mwingine ananakili,
hawatazamani.

Usiku nasahihisha, umeme umekatika, natumia tochi ya simu.
Barua nyingi zina "kwa heshima na taadhima",
nusu ukurasa umekwisha kabla ya jambo lenyewe.
Bugingo ana maswali kumi na saba na hana nukta hata moja.
Nyanjige ameorodhesha: beseni, jiko, benchi mbili,
mafuta lita tatu, na chini yake,
*nani alihesabu?*
Ya Mugeta ni sentensi moja:
*Naomba kujua nani alimpa baba yangu nyundo,
na karatasi ya amri hiyo inakaa wapi.*

Juu ya ishirini, nimpe ngapi?
Nimeweka kalamu chini.

Ukurasa umerudi ndani ya daftari,
unanuka dagaa.
Paka wa jirani ameketi mlangoni, ananiangalia mimi na Katiba,
hajui aanze na nani.