Riyali Sitini na Tatu

Nililinunua Mabela, siku ya mshahara,
nje joto nyuzi arobaini na sita.
Muuzaji, kijana wa Kerala mwenye subira,
alilibeba kwa mikono miwili kama keki ya harusi.
"Yako mia tatu tu, Ghuba nzima."
Mia tatu. Neno likaniingia
kama ubani nguoni.

Mchezo wenyewe, peke yake, riyali ishirini na mbili.
Sanduku, themanini na tano.
Ile sitini na tatu ya katikati
ni tairi mbili za gari langu,
lililokuwa likiningoja juani na vipara vyake.

Nikapitia Al-Khoudh kwa Azzan.
Azzan anayo manne, hafungui hata moja.
Yamelala juu ya kabati na nailoni zake,
anayapangusa vumbi kila Alhamisi.
"Ukifungua umeua," akaniambia.
"Ukingoja miaka mitano, linazaa."
Nikamuuliza, lini umeuza?
Akatazama chai yake ya zafarani.
Hajauza. Wala hajacheza.

Mimi nikafungua, sebuleni, mama ameketi.
Kitabu cha michoro, kizito kama msahafu wa msikitini.
Ramani ya kitambaa, ya nchi isiyokuwapo.
Sarafu ya shaba, ya mfalme asiyezaliwa.
Na shujaa, upanga juu.
Juu kwenye picha ya boksi.
Ndani ya buti, saa nzima ya chai ya Azzan,
upanga ulikuwa umeinama
taratibu, kama mtu anayeomba radhi.

Diski nikaitafuta. Nikakung'uta boksi,
nikachungulia hadi chini ya sponji.
Karatasi tu, na tarakimu kumi na mbili:
ingia mtandaoni, pakua mwenyewe.
Basi nimenunua sufuria,
wali nikaufuate jikoni kwa watu.

Mama huuliza bei ya kila kitu, hata kiberiti.
Siku hiyo hakuuliza.
Nilikwisha kuandaa jibu, macho yangu kwenye kabati lake la vioo:
vikombe dazeni, ukingo wa dhahabu,
alivyovinunua Matrah mwaka niliozaliwa.
Vya wageni. Mgeni gani?
Nina miaka ishirini na tisa, bado hajafika.
Nikafungua mdomo, nikaufunga.
Naye akalitazama kabati, akanitazama mimi.
"Haya," akasema. "Lako angalau limefunguliwa."

Lilistahili? Sijui. Mwezi wa tano huu.
Mchezo ulinichosha kwenye daraja la ngome ya pili.
Ramani inafunika sinia la kahawa,
tende imeacha doa pale penye mji mkuu.
Upanga sijaunyoosha.
Kitabu, ndiyo, nakifungua usiku,
ule ukurasa ambao mchoraji alifuta mkono mara tatu
na alama za ufutio hakuzificha.

Sarafu kaiteka Ruwaida, mtoto wa dada.
Ijumaa alikuja nayo dukani kwangu,
nyuma ya kochi, akataka halwa nusu kilo.
Nikamchotea hewa, nikamfungia.
Hakuondoka. Mkono wazi.
"Chenji yangu?"
Nikamhesabia kiganjani, moja moja,
riyali sitini na tatu.
Akazifumbata zote.
Haikuanguka hata moja.